Anayezoea dawa ni bakteria, si mwili wako

Kwenye maduka ya dawa ya Ngamiani, hapa Tanga, utasikia: "Amoksilini hainishiki tena, mwili umeshaizoea. Nipe kali zaidi." Nimeyasikia hata kwa wazee ninaowaheshimu, na hii ndiyo dhana inayoniuma kuliko zote, kwa kuwa inamfanya mtu aone usugu wa dawa ni shida yake peke yake.

Mwili hauzoei antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria kama hiyo amoksilini. Anayebadilika ni bakteria. Dawa ikiua walio dhaifu, wachache walioihimili ndio wanaobaki kuzaana. Wapo bakteria wa aina ya Klebsiella na E. coli wanaotengeneza kimeng'enya, yaani kemikali ya kuivunja seftriaksoni, ile sindano inayochomwa sana wodini. Tena hupeana vinasaba vya usugu, hata bakteria wa aina tofauti.

Kwa hiyo "mimi sinywi dawa ovyo, hayanihusu" nayo si kweli. Mzee aliyelazwa kwa kiharusi, ambaye hajawahi kumeza rangi mbili bila cheti, anaweza kuletewa bakteria sugu na mkono uliotoka kumgeuza mgonjwa wa kitanda cha jirani, wakapenya kwenye kanula, ule mpira mdogo wa kupitishia dawa mshipani, mpaka kwenye damu. Itazame kanula ya mgonjwa wako. Plasta imelowa, ngozi imevimba, ukipagusa anakunja uso? Mwite nesi saa hiyo hiyo, usingoje dawa ya jioni. Na wewe uliyeleta uji, nawa kwa sabuni kabla ya kumshika na ukishamshika.

Kingine ni homa. Kwetu homa ikipanda tu, tunasema malaria. Kule Muheza, kuanzia Juni 2006 hadi Mei 2007, watafiti waliwafuatilia watoto 3,639 waliolazwa wakiwa na homa. 341 walikutwa na maambukizi makali ya bakteria, na baadhi yao walikuwa na malaria pia. Kipimo cha malaria kikisoma chanya, bakteria bado anaweza kuwemo.

Halafu yale maneno ya kwenye mabenchi ya nje ya wodi: "Wanachukua damu nyingi, wanaenda kuuza." Damu ya kuotesha, yaani ya kupimwa maabara kama ina bakteria, kwa mtu mzima ni mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa, kama vijiko viwili vya chai. Nesi husafisha ngozi kwa spiriti, huiacha ikauke, ndipo huchoma. Ndani ya chupa mna majimaji ya kuwalisha bakteria wakue. Kwenye damu huwa wachache mno, pengine hata mmoja hapatikani katika mililita nzima, kwa hiyo ukibania damu unaweza kumkosa kabisa.

Wala kuotesha hakumcheleweshi mgonjwa. Aliye mahututi huanzishiwa dawa mara tu damu ikishatolewa. Siku mbili tatu baadaye majibu yakitoka, daktari anaweza kubadilisha dawa, na ndugu huanza kunong'ona kwamba alikuwa anabahatisha. Hapana. Sasa anamjua bakteria na dawa inayomuua.

Kinachoharibu kipimo hicho ni dozi iliyotangulia. Vidonge viwili vya jana usiku vinaweza kuzuia bakteria asiote chupani ilhali yumo kwenye damu. Mwambieni daktari mgonjwa alichomeza nyumbani, hata kama mlikinunua bila cheti, na pakiti mje nayo.