Loris Karius na yale magoli mawili ya Kyiv

Andika jina la Karius mtandaoni. Utaletewa klipu za fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya mjini Kyiv, Mei 26, 2018, alipokuwa kipa wa Liverpool dhidi ya Real Madrid, halafu picha za kijana mtanashati wa Kijerumani aliye na mtangazaji wa Italia, Diletta Leotta. Kudaka kwake hakuzungumzwi kabisa.

Mimi ni kocha wa makipa, na kinachoniudhi ni watu kuyaweka yale magoli kwenye kapu moja. La dakika ya 51 lilikuwa kosa la uamuzi. Mpira ameshaudaka, Liverpool wanataka kwenda mbele haraka, naye akaurusha kwa mkono huku Benzema wa Real Madrid yuko hatua chache tu. Benzema akachomeka mguu, basi. Kabla ya kurusha, kipa anaanza kumtafuta adui aliye karibu, ndipo amtafute mwenzake aliye huru.

La dakika ya 83 lilikuwa la mikono. (Tikitaka ya Bale wa Real Madrid, ile ya kupiga mpira kwa kujipindua, ya kabla ya hapo naiacha, ile hata wangesimama makipa wawili.) Shuti la Bale huyohuyo lilitoka mbali, likawa linayumba hewani. Mpira wa namna hiyo usiulazimishe kudaka: kaza viganja, upangue pembeni. Nikilitazama taratibu, naona mikono iliyosita kati ya kudaka na kupangua. Ukampita, 3-1.

Siku chache baadaye madaktari wa Boston walisema alikuwa na mtikisiko wa ubongo, na kwamba huenda uliathiri uwezo wake uwanjani. Kiwiko cha Ramos, beki wa Real Madrid, kilikuwa kimempata muda mfupi kabla ya goli la kwanza. Mitandao ikacheka, ikaita kisingizio. Mimi sicheki, kipa asiyeweza kupima mwendo wa mpira kwa macho atafanya kazi gani? Ila Julai, kwenye mechi ya kirafiki na Tranmere, akautema mpira wa faulo, klipu ikazagaa, na mwezi huohuo Liverpool wakamnunua kipa mwingine, Alisson.

Akaenda Besiktas kwa mkopo, kisha Union Berlin, kisha benchi refu. Februari 2023 Newcastle, timu yake wakati huo, wakajikuta hawana kipa wa fainali ya Kombe la Ligi: Pope ana kadi nyekundu, Dúbravka alishacheza kombe hilo msimu uleule akiwa Manchester United, kwa hiyo hakuruhusiwa kulichezea timu nyingine. Zamu ikamwangukia Karius, ambaye hakuwa amecheza mechi ya ushindani kwa takribani miaka miwili. Walifungwa 2-0 na Manchester United, lakini tazameni alivyopangua shuti la Weghorst, mshambuliaji wa United, kabla ya mapumziko: mkono umenyooka, vidole vigumu, hakuna kusita. Hiyo ndiyo klipu ninayowaonyesha vijana wangu, ingawa kuipata inabidi uvuke kwanza rundo la vichekesho vya Kyiv.

Januari 2025 alisajiliwa Schalke 04, wakati huo daraja la pili Ujerumani.