Maana ya kipochi cha zana ndogo za gofu

Kipochi cha zana ndogo za gofu ni mfuko mdogo, wenye ukubwa wa kiganja au kuzidi kidogo, ambao mchezaji huuning'iniza kwenye mkanda wa suruali au pembeni mwa begi la fimbo, na ambao ndani yake hukaa vitu vyote vidogo vinavyohitajika baina ya mkwaju mmoja na mwingine. Vitu hivyo ni vijiti vya kusimamishia mpira, ambavyo wachezaji huviita tii, alama ya kuwekea mpira, kiuma cha kurekebishia nyasi zilizochimbika, penseli, mpira wa akiba mmoja au miwili, na kwa wengine kibrashi cha kuondolea udongo kwenye uso wa fimbo. Kipochi hiki husemwa kuwa cha kazi nyingi kwa kuwa hakiishii kubeba tu: ubavu wake wa nje una vitanzi vya lastiki vinavyoshika tii, kifuniko chake mara nyingi kina sumaku inayoshikilia alama ya mpira, na kulabu yake hubeba pia taulo ndogo.

Anayeshangaa kwa nini mtu mwenye begi kubwa la fimbo aongeze mfuko mwingine kiunoni inafaa atazame begi hilo linaachwa wapi. Kanuni za gofu humruhusu mchezaji kuwa na fimbo zisizozidi 14, na begi linalozibeba ni zito, lina miguu ya chuma au linakaa juu ya kigari, kwa hiyo halipandishwi kwenye grini, yaani lile eneo la nyasi zilizokatwa chini kabisa lenye shimo na bendera. Mchezaji huingia grini akiwa na fimbo moja ya kusukumia mpira, na kila kitu kingine hubaki nje, labda hatua ishirini au zaidi kutoka aliposimama. Sasa hapo grini ndipo panapohitajika vitu vidogo kuliko mahali pengine popote uwanjani. Asiye navyo mwilini ama atarudi kwenye begi huku wenzake wakimsubiri, ama atamtuma kedi, yaani kijana anayembebea begi, ama atafanya lile linalofanywa na wengi, la kuacha kishimo kilichochimbwa na mpira wake kama kilivyo na kuendelea na safari.

Tii ndiyo kitu cha kwanza katika orodha hiyo, na historia yake inaeleza kwa kiasi fulani jinsi haja ya kipochi ilivyozuka. Kabla ya tii za mbao, mpira wa kwanza wa kila shimo ulisimamishwa juu ya kichuguu kidogo cha mchanga uliolowanishwa, uliochotwa kwenye sanduku lililowekwa mahali pa kuanzia, na mara nyingi aliyekifinyanga kwa vidole alikuwa kedi. Mchezaji hakuwa na haja ya kubeba chochote. Mwaka 1899 daktari wa meno wa Boston, Marekani, George Franklin Grant, Mmarekani Mweusi aliyekuwa pia mwalimu katika Chuo Kikuu cha Harvard, alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya kijiti cha kusimamishia mpira, lakini hakukifanyia biashara. Alivigawa tu kwa marafiki zake. Aliyekifikisha sokoni katika miaka ya 1920 ni William Lowell wa New Jersey, naye pia daktari wa meno, ambaye alivipaka rangi nyekundu vijiti vyake ili vionekane kwenye nyasi na akamlipa mchezaji maarufu Walter Hagen avitumie hadharani. Tangu mchanga ulipoachwa, kila mchezaji amekuwa akibeba vijiti vyake mwenyewe, na vijiti vikilala ovyo mfukoni mwa suruali huchoma paja kila mtu anapoinama.

Kanuni zimeweka kikomo cha urefu wa tii kuwa milimita 101.6, ingawa zinazouzwa kwa wingi ni za milimita 70 hivi kwa fimbo fupi na milimita 83 kwa fimbo ndefu. Nyingi ni za mbao, nyingine za plastiki, na siku hizi zipo za mianzi, ambazo hudumu zaidi ya za mbao laini. Watu wa Iringa, waliozoea kuuangalia mwanzi kama chanzo cha ulanzi, yaani pombe ya utomvu wake, wangeona kuwa una matumizi mengine yasiyolewesha. Kwenye kipochi kilichotengenezwa vizuri tii hukaa ncha ikielekea chini ndani ya vitanzi, nne au tano zikitosha, huku za akiba zikibaki kwenye begi.

Kitu cha pili, na kwa maoni yangu ndicho kinachohalalisha kipochi chote, ni kiuma cha meno mawili. Mpira unaotua grini kutoka juu huchimba kishimo, na katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ambako mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili au kuingia Mei, udongo huwa umelowa kiasi kwamba kishimo hicho huingia ndani zaidi. Uwanja wa gofu wa Mufindi, uliozungukwa na mashamba ya chai, unajulikana kwa ukungu na umande unaochelewa kukauka hata katika miezi isiyo na mvua, na hali hiyo hulainisha grini vilevile. Kukirekebisha kishimo ni kazi ya sekunde chache ikifanywa ipasavyo. Meno ya kiuma huchomekwa ukingoni mwa kishimo, si katikati, kisha nyasi husukumwa kuelekea katikati kwa kukunja kifundo cha mkono, na jambo hilo hurudiwa mara nne au tano kuzunguka duara. Mwishowe pahali hapo hukandamizwa kwa kitako cha fimbo au soli ya kiatu hadi paungane na sehemu nyingine. Mtu anayezamisha meno chini ya kishimo na kuinua udongo juu, akidhani anaujaza, huikata mizizi, na baada ya siku chache doa la kahawia humsema.

Hadi mwaka 2018, kwenye mstari wa mkwaju, yaani njia ambayo mpira ungepita, kanuni ziliruhusu kurekebisha vishimo vya mipira na viraka vya mashimo ya zamani tu, lakini kuanzia 2019 mchezaji ameruhusiwa kurekebisha karibu uharibifu wowote wa grini, zikiwemo alama za viatu vyenye meno, alimradi asichelewe kupita kiasi. Yaani kiuma sasa hutumika mara nyingi kuliko zamani, na anayekizika chini ya mipira na taulo hatakitumia.

Alama ya mpira nayo ni kisahani kidogo, aghalabu cha chuma au plastiki. Mpira ukishafika grini, mchezaji anaweza kuuokota ili ausafishe au ampishe mwenzake, lakini ni lazima kwanza aweke alama nyuma yake au ubavuni mwake. Akiuokota bila alama anaongezewa mkwaju mmoja wa adhabu. Kanuni zinataka alama iwe kitu kilichotengenezwa na binadamu, hivyo jani la chai au kijiti cha mti kilichookotwa hapo hapo hakikubaliki, ilhali sarafu ya shilingi 100 inakubalika kabisa, na wako wachezaji ambao hawajawahi kutumia kitu kingine. Sumaku kwenye kifuniko cha kipochi ipo kwa ajili ya alama hii, ili itoke na kurudi kwa kidole kimoja. Hata hivyo sumaku haishiki shaba wala plastiki, jambo ambalo muuzaji hasemi na mnunuzi hugundua akiwa tayari uwanjani.

Zipo pia alama za mpira zenye pima maji ndogo katikati, mfano wa ile wanayotumia waashi kusawazishia matofali, na huuzwa kwa maelezo kwamba zitamwonyesha mchezaji upande grini inakoinamia. Kwenye mazoezi hakuna neno. Katika raundi ya mchezo, kuitumia kusomea mwinamo wa grini ni kuvunja kanuni, na adhabu yake ni mikwaju miwili kwa mara ya kwanza, au kulipoteza shimo ikiwa watu wanachezeana shimo kwa shimo, na kuondolewa mashindanoni kwa kosa la pili. Tahadhari hiyo inahusu pia kipima umbali, kifaa kinachokaa kwenye vipochi vikubwa zaidi: tangu 2019 kupima umbali kunaruhusiwa isipokuwa kamati ya mashindano ikatae, lakini sehemu ya kifaa inayopima mteremko na mwinuko haitakiwi kutumika. Kwa hiyo maneno “kazi nyingi” kwenye tangazo yasomwe kwa jicho la mtu anayezijua kanuni.

Mipira ya akiba huwekwa kwenye kipochi kwa sababu ya muda. Mchezaji ana dakika tatu tu za kuutafuta mpira uliopotea, nazo zilikuwa tano kabla ya 2019, na akihisi kwamba wake umezama kwenye mistari ya chai au kichakani anaruhusiwa kupiga mpira wa muda kabla ya kwenda kutafuta. Mpira huo wa pili ukiwa kiunoni, mchezo haukwami. Lakini mpira mmoja unaweza kufikia uzito wa gramu 45.93, na mitatu hukaribia gramu 140, uzito unaoonekana mdogo dukani na ambao, ukining'inia upande mmoja wa mkanda katika mashimo 18 yenye mwendo wa kilomita nane na kuendelea, huivuta suruali na kugonga nyonga kila hatua. Miwili inatosha. Kalamu ya wino usiofutika ya kuitia mipira hiyo alama ya utambulisho haina haja ya kukaa kipochini, kwa sababu kazi hiyo hufanyika kabla ya kuanza. Penseli ya kujazia kadi ya matokeo ndiyo inayokaa, na ni penseli, si kalamu ya wino, kwa kuwa karatasi iliyolowa ukungu wa Mufindi huukataa wino au kuusambaza.

Hali ya hewa hiyo ndiyo inayoamua pia kitambaa. Ngozi hupendeza na hudumu sana sehemu kavu, ila katika baridi yenye unyevu ya Juni na Julai huota ukungu mweupe ikisahauliwa ndani ya begi kwa wiki mbili, na zipu ya chuma huanza kukwama. Turubai jepesi au nailoni nzito, pamoja na zipu ya plastiki yenye meno makubwa, hufaa zaidi huku kwetu. Tundu dogo la kutolea maji chini ya kila mfuko, lililozungushiwa pete ya shaba, huongeza uhai wa kipochi kuliko pambo lolote. Kuhusu kifungio, velkro ni rahisi na huvumilia maji, lakini sauti yake ya kuchanika, ikisikika wakati mwenzako ameinamia mpira wake grini, haina tofauti na kumkoholea makusudi. Kifuniko cha sumaku au kifungo cha kubana huondoa lawama hiyo.

Vipochi vya dukani hutoka nje ya nchi, ila si kitu kigumu kwa fundi wa mabegi wa Mwanjelwa jijini Mbeya au wa Mafinga, ambaye mabaki ya turubai anayo tayari. Anachohitaji ni vipimo. Kipenyo cha mpira hakipungui milimita 42.67, kwa hiyo mfuko wa mipira miwili iliyolala sambamba unataka upana wa ndani wa milimita 100 hivi na utanuke upande wa mbele, kwa sababu mfuko bapa hubana mipira hadi ikatae kutoka. Vitanzi vya tii vishonwe kwa lastiki iliyovutwa kidogo, kwani ile iliyoshonwa ikiwa imelegea hudondosha tii zote njiani, na chini yake pawe na nafasi isiyopungua milimita 60 ili ncha zisimchome mvaaji anapokaa. Kiuma kiwe na ala yake peke yake, iliyobana, upande wa mkono usioshika fimbo.

Upande huo wa mkono una uzito kuliko wingi wa mifuko. Kondakta wa daladala ya Uyole hutoa chenji bila kutazama vidole vyake, kwa sababu kila noti ina mahali pake, na kipochi kizuri humfikisha mchezaji kwenye hali hiyo baada ya raundi chache: mkono wa kulia una fimbo, wa kushoto unashuka, unagusa kiuma au alama, unatoka. Kipochi chenye mifuko kumi na miwili, cha aina inayovutia kwenye picha, hulazimisha jicho kusaidia mkono, na faida yote hupotea.

Kipochi hiki kisichanganywe na mfuko wa thamani, ambao huuzwa ukifanana nacho lakini umetengenezwa kwa ajili ya simu, funguo na pesa, hufungwa kwa zipu pande zote na hukaa ndani ya begi bila kuguswa mpaka raundi iishe. Kuviweka vyote pamoja ni kualika mkwaruzo kwenye kioo cha simu, maana kiuma ni chuma chenye ncha, na mara nyingi noti hutoka pamoja na tii na kubaki kwenye nyasi. Wala kisichanganywe na kile kifaa cha chuma kinachokunjwa, chenye kiuma, kibrashi na kifungulio cha chupa katika mpini mmoja. Hicho ni zana moja yenye sehemu nyingi, ni chepesi, na kwa mchezaji wa mashimo tisa ya jioni kinaweza kutosha pamoja na tii mbili mfukoni. Lakini hakibebi mpira, hakishiki penseli, na kibrashi chake kifupi hakimalizi tope jekundu la masika lililoganda kwenye mifereji ya fimbo.