Jino linalouma mara kwa mara na mazoea ya kumeza vidonge vya maumivu

Kampeni za Siku ya Afya ya Kinywa Duniani, tarehe 20 Machi, hutukutanisha na watu wengi ambao kwa miezi kadhaa wamekuwa wakinunua vidonge vya kutuliza maumivu katika maduka ya dawa ya mitaani, vinne vinne, vilivyokatwa kutoka kwenye karatasi yake bila maelezo yoyote, na kuvimeza kila jino linapoanza kuwauma.

Ifahamike kwamba dawa hizi hazitibu jino. Parasetamoli na ibuprofeni hupunguza maumivu kwa saa chache, huku tundu likizidi kuchimbika hadi kwenye kiini cha jino, penye mishipa ya damu na ya fahamu. Kiini kikivimba, maumivu huzidi usiku mgonjwa alalapo; kikifa, maumivu huweza kukoma kabisa, na hapo mgonjwa husema dawa imemfaa. Haikumfaa. Jino limekufa, na vijidudu vinaendelea kupenya hadi kwenye mfupa wa taya, ambako usaha hujikusanya.

Kuhusu kipimo, mtu mzima mwenye afya njema asizidishe gramu 4 za parasetamoli kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na kati ya dozi na dozi zipite saa 4 au zaidi. Ibuprofeni inayonunuliwa bila cheti cha daktari isizidi miligramu 1200 kwa siku, nayo inywewe baada ya kula. Hesabu hii huharibika kwa sababu vidonge vingi vya mafua na vya kuumwa na kichwa vina parasetamoli pia, vingine vikiwa vimechanganywa na aspirini na kafeini, hivyo anayemeza Panadol asubuhi na dawa ya mafua adhuhuri huwa amekunywa dawa ile ile mara mbili. Kinachoathirika ni ini, na dalili huweza kuchelewa kwa siku nzima au zaidi.

Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini zikitumiwa kwa muda mrefu huweza kusababisha vidonda vya tumbo, kutokwa na damu tumboni na kudhoofika kwa figo. Wapo ambao katika mwezi wa Ramadhani humeza dozi mbili kwa pamoja wakati wa daku ili ziwafikishe magharibi. Figo zisizopata maji mchana kutwa katika joto la Pwani haziustahimili mzigo huo. Aidha, kwa kuwa homa ya dengue imewahi kuzuka Mombasa zaidi ya mara moja, ukiwemo mlipuko wa 2013, mwenye jino bovu anayeshikwa na homa asinywe aspirini wala ibuprofeni kabla ya kupimwa, maana huzidisha hatari ya kutokwa na damu. Kusaga aspirini na kuibandika kwenye ufizi ni kujichoma kwa tindikali, na huacha kidonda cheupe kinachouma kuliko jino lenyewe.

Imani kwamba kung'oa jino la juu hupofusha macho tumeikanusha mara nyingi mno. Haina msingi wowote, wala si kila jino linaloletwa kliniki hung'olewa. Daktari hukuuliza maumivu yalianza lini, huligonga jino taratibu kwa mpini wa kioo chake, hulijaribu kwa kitu baridi, kisha huagiza picha ya eksirei. Tundu dogo huzibwa. Kiini kilichovimba hutolewa, mifereji ya mizizi ikasafishwa na kujazwa, kazi ambayo mara nyingi humlazimu mgonjwa kurudi. Na jino lisiloweza kuokolewa hung'olewa kwa ganzi. Uvimbe ukishuka chini ya kidevu, au mtu akishindwa kumeza au kufungua kinywa, huyo hasubiri miadi: apelekwe siku hiyo hiyo katika idara ya dharura ya hospitali.

Mgonjwa aje na karatasi za dawa zote alizomeza, hata zile anazoona aibu kuzionyesha, na mjamzito aseme hali yake kabla ya kupigwa eksirei au kuandikiwa dawa. Anayekunywa aspirini kwa agizo la daktari wa moyo asiiache kwa hiari yake kwa ajili ya kung'oa jino. Amweleze daktari wa meno, nao wawili watashauriana.