Mchawi wa Uingereza ya karne ya 17 hakuvaa satini nyeusi

Vikundi vya kuigiza historia vikikaribia sherehe, oda huwa ile ile: satini nyeusi, pindo lililochanwachanwa, kofia ya ncha. Kama mnaigiza Uingereza ya karne ya 17, oda hiyo ina makosa matatu, na la kwanza ndilo baya zaidi.

Eti mchawi huvaa nyeusi, na kitambaa chochote kinafaa mradi kiwe cheusi. Hapana. Wanawake walioshtakiwa kwa uchawi huko Pendle mwaka 1612 au Essex mwaka 1645, sehemu mbili za Uingereza, walivaa nguo zao za kila siku: shimizi ya kitani, sketi na kizibao vya sufu, aproni, kitambaa cha kichwa. Weusi mzuri ulikuwa ghali, kwa sababu kitambaa kilitiwa rangi zaidi ya mara moja. Ule wa bei nafuu, wa tanini (dawa itokayo kwenye magome ya miti) na chumvi ya chuma, ulipauka ukawa kahawia, na chuma kikala nyuzi. Kwa mwanamke maskini chagua kijivu cha asili cha sufu ya kondoo, kahawia au buluu iliyofifia.

Satini ya poliesta ina hatari pia. Karibu na moto wa kambi huyeyuka na kuganda kwenye ngozi, ilhali sufu huungua polepole na mara nyingi hujizima. Usiamini neno la muuzaji. Chomoa nyuzi chache, zishike kwa kibanio, uzichome: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na majivu yake husagika, poliesta huacha kishanga kigumu.

Kwa sketi, mita 2 za sufu yenye upana wa sentimita 150 hutoa vipande viwili vya urefu wa mita moja, yaani mzunguko wa mita 3. Mbele acha sentimita 20 bila marinda, aproni itapafunika. Marinda yote yasukume ubavuni na nyuma, yapandane. Shimizi hula takriban mita 3 za kitani. Kifue kwa maji ya nyuzi joto 60 kabla ya kukata, la sivyo mikono itapanda juu ya kifundo cha mkono baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Na msiruke kile kipande cha mraba cha kwapani, sentimita 12 kwa 12! Bila hicho, ukiinua mkono shimizi nzima hupanda, kisha mshono wa kwapa huchanika.

Kuchana pindo kwa mkasi hakuifanyi nguo ionekane kuukuu. Kitambaa kilikuwa mali, kwa hiyo kilitiwa viraka. Sugua viwiko na ukingo wa pindo kwa msasa, kisha tia kiraka kwa mkono.

Kofia nyeusi ndefu ilivaliwa na wanaume na wanawake wa kawaida, na kileleni ilikuwa bapa. Anayetaka kutambulika kama mchawi abebe mnyama: vijitabu vya wakati ule vilimpa paka, chura au panya. Chura wa sufu kikapuni anatosha kabisa.

Matundu ya kamba ya kizibao yasiwe ya pete za chuma. Hizo ni za karne ya 19. Toboa kwa msumari laini unaosukuma nyuzi pembeni bila kuzikata, halafu zungushia uzi wa kitani. Tundu lililokatwa kwa mkasi hupasuka kamba ikivutwa.