Ukienda msitu wa Pugu, tazama chini

Wageni ninaowapeleka msitu wa Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, huinua shingo tangu hatua ya kwanza, wakitafuta ndege na tumbili juu ya miti. Kazi yangu ni udongo wa misitu, kwa hiyo huwaomba jambo moja: twende polepole, tukitazama chini.

Kufika si taabu. Panda daladala ya Kisarawe kutoka Gongo la Mboto, lipa kiingilio getini, vaa viatu vya kufunika vidole. Asubuhi ya siku ya kazi ndiyo nzuri zaidi, hakuna kelele. Saa moja na nusu inatosha, hata usipofika mbali.

Chuchumaa kando ya njia. Majani ya juu ni makavu, yanavunjikavunjika mkononi. Yainue. Ya chini yake yamelowa na kulegea. Mengine yameliwa yakabaki mishipa mitupu, kama kipande cha wavu. Shuka tena kidogo: nyuzi nyeupe za kuvu zimeyashona majani pamoja, jongoo amejiviringisha, na hapo ndipo inapoanza mboji nyeusi, ile yenye harufu ya mvua ya kwanza. Yote hayo hayazidi kina cha kidole. Ukimaliza, yarudishe majani kama ulivyoyakuta.

Tandiko hilo ndilo linaloipokea mvua. Tone likianguka kwa kishindo hukutana na jani kabla ya udongo, nguvu zikaishia hapo, maji yakazama taratibu kupitia vitundu vya mchwa, minyoo na mizizi. Palipokatwa miti kwa ajili ya mkaa nimeona kinyume chake: udongo wa juu umegeuka ganda gumu, na maji yanakimbia bila kuingia. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima hivi, ukateremka kukatiza Dar es Salaam mpaka bonde la Jangwani na baharini. Mafuriko ya kule yana sababu nyingi, ujenzi wa bondeni ukiwemo. Hata hivyo, kila jani linalooza huku juu linampunguzia mzigo mtu wa Jangwani anayehamisha magodoro usiku wa masika, na ninatamani watu wa mjini walijue hilo.

Ukiona rundo la majani kama lililofagiliwa, lipite mbali. Huenda ni kitanda cha sange, mnyama mdogo anayekula wadudu. Wa hapa ana miguu mirefu, pua ndefu inayochezacheza, mwili mwekundu wa kutu na mgongo mweusi. Uzito wake ni kama nusu kilo, na watu humdhania panya, ingawa kwa nasaba yuko karibu zaidi na tembo. Tandiko hilohilo ndilo ghala lake la wadudu, na kwa majani hayohayo anajitengenezea pa kulala. Ukifagia msitu, umemfukuza.

Safari iliyopita tulikaa watatu kwenye gogo, kimya, kama robo saa. Tulianza kusikia majani yakichakarika, yakinyamaza, yakichakarika tena. Akatokea hatua nne hivi kutoka miguuni petu, akachomeka pua chini ya jani, akalipindua, akatafuna kitu. Akafuata jani la pili. Hakuna kati yetu aliyegusa simu.