Diploidi si umbo la X

Juzi, hapa Bukavu, mwanafunzi wa agronomia alichora ubaoni herufi X moja, akaweka chaki mezani, akaniambia kwa uhakika wa mtu aliyekwisha kufaulu: "Mwalimu, hii ndiyo diploidi, kwa sababu ziko mbili." Alikuwa wa nne juma lile, nikaona heri niandike kuliko kufuta ubao mara ya tano.

Ile X si jozi. Ni kromosomu moja, yaani uzi mmoja wa DNA unaobeba sifa za urithi, iliyokwisha kunakiliwa, nakala zake mbili zikiwa bado zimeshikana kwenye sentromia, zikingoja seli igawanyike. Diploidi huhesabu seti kamili za kromosomu, moja ya mama na moja ya baba. Chukua madaftari mawili ya somo moja, moja limeandikwa na mama, jingine na baba: mada ni zilezile kwa mpangilio uleule, ila hapa na pale maneno yanatofautiana. Ukiyapeleka kwenye fotokopi na kubana kila daftari pamoja na nakala yake, utarudi na karatasi maradufu, lakini waandishi watabaki wawili. Ndiyo maana seli ya binadamu inayojiandaa kugawanyika ina DNA maradufu na bado ni diploidi: kromosomu 46, seti mbili za 23. Anayeniandikia 4n, yaani seti nne, hapo nampa sifuri, wala sijuti.

Na 46 si maana ya neno hilo. Haragwe lina 22, nalo ni diploidi sawasawa na sisi. Ndizi tunazonunua Kadutu nyingi ni triploidi, seti tatu za 11. Ukiikata utaona vidoa vyeusi tu palipopaswa kuwa na mbegu, kwa sehemu kubwa kwa kuwa seti tatu hazigawanyiki sawa kwa mbili.

Kinachonisumbua mimi ni kahawa. Robusta ina 22, hakuna ubishi. Arabika ina 44, seti nne zilizotokana na spishi mbili zilizochanganyika, lakini wakati wa kutengeneza gameti, yaani seli za uzazi, kromosomu zake hupangana mbilimbili kana kwamba ni diploidi. Vitabu huandika 2n = 4x = 44, yaani kromosomu 44 za seli yake ya kawaida ni seti nne za msingi, kisha vikaendelea na safari. Darasani nasema tetraploidi. Kitaluni, ninapofuatilia sifa moja kutoka kwa mzazi hadi kwenye mche, naihesabu kama diploidi. Mahindi, yenye 20, huitwa diploidi bila aibu ingawa seti za babu yao ziliongezeka maradufu mamilioni ya miaka iliyopita. Mwanafunzi aliyeniuliza ni baada ya muda gani seti nne huruhusiwa kuitwa mbili bado ananidai jibu.