Tangi limepigwa mchanga, limekuwa jeupe, lakini si safi

Tangi la mazuti (dizeli) la alumini linaletwa karakana hapa Lubumbashi, limepasuka pembeni mwa mkanda unaolishikilia kwenye lori. Fundi hajaligusa bado, tayari limepitishwa kwenye sablaji, yaani kupigwa mchanga kwa hewa ya kompresa. Mwenye lori anasema kwa furaha: "Fundi, kazi yako imekuwa nyepesi, tumelipiga mchanga, tazama lilivyo jeupe." Jamani, hapana. Uchafu uliokuwa juu mmeuondoa, na mwingine mbaya zaidi mmeupandikiza ndani.

Kwa chuma cha kawaida sablaji inafaa sana, na mazoea hayo ndiyo yanayoharibu. Chuma ni kigumu, kutu inabanduka, chembe inagonga na kuruka. Alumini ni laini. Kwa kipimo cha ugumu cha Mohs haifiki 3, mchanga wa kwatzi ni 7, na koranda, zile chembe za kahawia za mifukoni, ni 9. Chembe inayosukumwa kwa shinikizo la baa 6 au 7 hairuki yote. Inavunjika, ncha yake inazama, na metali inajikunja juu yake kama bukari (ugali) iliyobonyezwa juu ya kokoto. Pitisha burashi utakavyo: inapita juu ya kifuniko.

Hapo najibiwa neno lilelile kila mara: "TIG ya AC inasafisha yenyewe." Ni uchomeleaji wa sindano ya tangsteni kwa umeme unaogeuka-geuka, chanya na hasi. Inasafisha nini? Nusu ya mzunguko ambapo sindano ya tangsteni iko chanya inavunja utando wa oksidi, na utando huo unene wake ni nanomita chache tu, yaani sehemu chache za milioni ya milimita. Kipande cha koranda kilichozama kina ukubwa wa mara maelfu ya hapo. Moto wa kusafisha utando hauna nguvu juu ya jiwe. Wengine wanaongeza: "Lakini koranda ni oksidi ya alumini, ni kitu kimoja, haina ubaya." Ubaya wake uko hapohapo! Oksidi ndiyo adui tunayemfukuza tangu asubuhi kwa asetoni na burashi, halafu mnamrudisha akiwa na umbo la kokoto. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660, oksidi yake inapita nyuzi 2,000. Kidimbwi cha metali chini ya moto kimeshakuwa maji, na chembe bado inaogelea humo ikiwa nzima.

Tazama kidimbwi chenyewe kupitia kioo cheusi. Kwenye metali safi kinang'aa kama kioo cha kujitazamia, na pembeni kuna mstari mweupe uliofifia, alama ya moto unaosafisha. Kwenye tangi lililopigwa mchanga utaona vidoa vyeusi kama pilipili manga vikizunguka na kukimbilia ukingoni. Kidimbwi kinafanya ngozi. Tone la fimbo ya kujazia linakaa juu kama goroli, halitaki kuingia. Fundi anadhani umeme haujatosha, anaongeza ampea, na bati la milimita 3 linatoboka. Tatizo halikuwa ampea.

Halafu kuna vitundu. Uso uliokwaruzwa una eneo kubwa zaidi, unashika unyevu na mafuta, na kompresa isiyo na kichungi inatema vyote viwili, hasa masika. Maji na mafuta vikipigwa na moto vinatoa haidrojeni. Alumini iliyoyeyuka inaimeza kwa wingi, ikiganda inaikataa, na gesi inanaswa ndani ya mshono. Hata uweke argoni, gesi ya kukinga mshono, lita 15 kwa dakika, vitundu hivyo vitabaki.

Niseme ukweli ambao vitabu havipendi kuusema: baadhi ya vipande vilivyopigwa vinachomeleka vizuri. Bati nene la milimita 10, likipigwa shanga za kioo kwa shinikizo dogo, mara nyingi halionyeshi tofauti. Lakini kwa macho huwezi kujua lipi limepona. Tangi jembamba linalotikisika njia nzima hadi mpakani Kasumbalesa halisamehe, kila chembe ni mwanzo wa ufa.

Tangi lioshwe na mvuke wote utolewe kabla ya moto wowote, mazuti nayo yanalipuka. Kisha ondoa mafuta kwanza, ndipo upige burashi. Ukianza na burashi unapaka mafuta ndani ya mikwaruzo. Tumia asetoni na kitambaa safi, futa upande mmoja, badilisha kitambaa, acha ikauke kabisa. Dawa ya kusafishia breki yenye klorini isikaribie: mwanga wa kuchomelea unaigeuza kuwa fosjini, gesi inayoua. Burashi iwe ya inoksi (chuma kisichoshika kutu), itumike kwa alumini peke yake, mkono mwepesi. Ukikandamiza unaizika oksidi. Miongozo mingi inaruhusu hadi saa 8 kabla ya kuchomelea. Masika mimi nisingengoja hata saa 2.

Kama limeshapigwa, kwangua sentimita 2 hadi 3 kila upande wa ufa, nje na ndani panapofikika, kwa kikataji cha kabidi (metali ngumu ya kukatia) au tupa safi, mpaka weupe mfu uishe na metali ing'ae. Disiki ya kawaida ya kusagia usiiguse: nayo ni chembe za koranda zilizogandishwa kwa gundi.

Ukitaka weupe ule kwa ajili ya sura, piga shanga za kioo baada ya kuchomelea. Kichwa cha injini usikipige, shanga zinajificha kwenye njia za mafuta. Wala usiipige alumini kwenye sanduku lililotumika kwa chuma chenye kutu: vipande vya chuma vinabaki usoni na kuanzisha kutu, na vumbi la alumini likichanganyika na la kutu ni mchanganyiko uleule unaoyeyusha chuma cha kuunganishia reli. Cheche moja inatosha.

Mwenye shaka achukue kipande cha bati kilichopigwa, akwangue nusu yake, apitishe moto juu ya nusu zote bila fimbo, kisha akikate na kusugua pande zilizokatwa kwa msasa laini. Vitundu na vidoa vitaonekana upande gani, atajionea.